Kuichambua The Scarlet Letter: namna ya kutenganisha dhambi, hatia na aibu

Insha nyingi kuhusu The Scarlet Letter, riwaya ya Nathaniel Hawthorne iliyotoka Boston mwaka 1850, huharibikia mahali pamoja. Mwandishi wa insha anashika maneno matatu, dhambi, hatia na aibu, anayachanganya kama unga wa gunia moja, na akifika ukurasa wa pili hana tena la kusema. Riwaya yenyewe imesimama juu ya tofauti za maneno hayo. Hester Prynne, mke aliyezini, amebebeshwa aibu ya mji mzima kifuani: herufi A nyekundu, ya neno la Kiingereza adultery, yaani uzinzi. Mchungaji Arthur Dimmesdale alitenda tendo lile lile na Hester, lakini mbele ya watu hana aibu hata chembe. Waumini wanamwona kama malaika. Roger Chillingworth, mume aliyekosewa, hana kesi mahakamani wala kanisani, na ndiye anayeoza kuliko wote. Ukiwaweka watatu hawa kwenye kapu moja la "wenye dhambi", umeshaipoteza riwaya.

Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna nafuu hapa, kwa sababu lugha yetu imeshazitenganisha hizo kazi. Tumia nafuu hiyo.

Anza na maneno, kabla ya kitabu

Chukua daftari, andika maneno haya kila moja na maana yake, uyaache ukurasa wa kwanza ili urudi kwake mara kwa mara.

Dhambi ni mbele ya Mungu. Kosa au jinai ni mbele ya sheria. Hatia ni hali ya kuwa umetenda kweli, hata kama hakuna ajuaye. Mtu anaweza kuwa na hatia na asihukumiwe. Majuto ni maumivu ya ndani ya mwenye hatia. Aibu na fedheha ni mbele ya macho ya watu. Haya ni ile staha ya ndani inayomzuia mtu asitende, nayo si aibu. Usiibadilishe na aibu hata mara moja.

Kisha vitenzi, maana hapo ndipo uchambuzi wenyewe ulipo. Kuaibishwa ni tendo la mji. Kuaibika ni tendo la moyo. Mtu anaweza kuaibishwa asiaibike, na anaweza kuaibika bila kuaibishwa na yeyote. Vivyo hivyo kukiri, kuungama na kutubu. Kukiri ni kutaja tendo: nilifanya hili, na fulani. Kuungama ni kujiweka mbele ya Mungu au kanisa kama mwenye dhambi. Kutubu ni kugeuka. Dimmesdale anaungama kwa miaka saba bila kukiri hata siku moja. Ukilishika hilo peke yake, una insha.

Na kuna kitenzi kimoja ambacho ni hazina: kusuta. Pwani, kumsuta mtu ni kumkabili hadharani na maneno aliyoyasema kwa siri. Lakini pia tunasema nafsi yake inamsuta, dhamiri inamsuta. Kitenzi ni kile kile, uwanja ni tofauti. Hester anasutwa na mji, Dimmesdale anasutwa na nafsi yake. Riwaya nzima inauliza ni kusutwa kupi kunakoua.

Historia unayohitaji, na hiyo tu

Hadithi inatokea Boston kuanzia Juni 1642 hadi 1649. Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, wa koloni la Massachusetts Bay huko Amerika walifika mwaka 1630 wakitoka Uingereza, wakiwa na nia ya kujenga jamii ambamo kanisa na serikali vinaangaliana uso kwa uso. Sheria yao ya mwaka 1641 iliweka uzinzi miongoni mwa makosa ya kifo. Haikuwa maandishi tu: mwaka 1644 Mary Latham na James Britton walinyongwa Boston kwa kosa hilo. Kwa hiyo adhabu ya Hester, kusimama jukwaani kwa muda wa saa tatu na kuvaa herufi maisha yake yote, ndani ya hadithi ni huruma ya mahakimu. Wanafunzi wengi huandika kwamba alipewa adhabu kali kupita kiasi kwa zama zile. Sivyo. Swali zuri zaidi ni kwa nini huruma hiyo inauma kuliko walivyodhani mahakimu.

Herufi nayo ina mizizi. Sheria ya Massachusetts ya mwaka 1694 iliamuru wazinzi wakalishwe kwenye mti wa kunyongea kwa saa moja na kamba shingoni, wachapwe viboko visivyozidi 40, na wavae herufi A ya kitambaa yenye urefu wa inchi 2, ya rangi iliyo kinyume na nguo zao, mkononi au mgongoni. Hawthorne aliichukua herufi hiyo akaipeleka nyuma nusu karne, akaitoa mgongoni akaiweka kifuani, na akaikuza. Katika dibaji yake anasema alikipima kitambaa na kila mguu wa herufi ulikuwa inchi 3 na robo. Kata karatasi nyekundu ya sentimita 8 uiweke kifuani mbele ya kioo. Utaelewa mara moja kwamba kitu hicho hakikuwekwa pale kimwambie mvaaji jambo. Kimewekwa kwa ajili ya anayetazama.

Jambo la mwisho la historia ni la kanisa. Kwa Wapuritani wa Massachusetts, kuzaliwa katika familia ya Kikristo hakukutosha kukufanya mshirika kamili. Ulisimama mbele ya kusanyiko ukaeleza jinsi neema ilivyofanya kazi ndani yako, dhambi zako zikiwemo. Kusema hadharani "mimi ni mwovu" lilikuwa tendo la ucha Mungu. Bila kulijua hili huwezi kuelewa sura ya 11, ambamo Dimmesdale anawaambia waumini kutoka mimbarani kwamba yeye ni mchafu kuliko wachafu wote, nao wanazidi kumheshimu. Wanasikia unyenyekevu. Anajua watasikia unyenyekevu. Msimulizi anamwita mnafiki, bila kumung'unya, kwa sababu hiyo ya pili.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki aliyelelewa katika kanisa lenye desturi ya kutengwa na kurudi kundini, picha hii haitakuwa ngeni. Itumie kuelewa, lakini usiisukume sana. Anayerudi kundini ana siku ya kurudi; hukumu ya Hester haikuwekewa siku.

Namna ya kusoma

Riwaya ina sura 24 na dibaji ndefu iitwayo The Custom-House, kuhusu ofisi ya forodha ya Salem ambako Hawthorne alifanya kazi kuanzia 1846 hadi alipoondolewa mwaka 1849. Iruke mara ya kwanza. Wasomaji wengi hukiacha kitabu humo humo, kabla hawajamwona Hester. Anza na sura ya 1, soma sura 2 kwa siku, utamaliza siku 12. Siku ya 13 rudi kwenye dibaji, sasa itakuwa na maana: ndimo anamodai kukuta kitambaa na karatasi za afisa wa zamani (dai hilo ni ufundi wa hadithi, usiliandike kama tukio la kweli), na ndimo anamotangaza kwamba anaibeba yeye aibu ya mababu zake. Babu mmoja, John Hathorne, alikuwa hakimu katika kesi za wachawi za Salem mwaka 1692.

Kiingereza chake kitakuchosha. Sentensi ni ndefu, na wahusika wanasemezana kwa thou na thee. Usisimame kwa kila neno la kamusi. Soma sura nzima kwanza, kisha rudia ukurasa mmoja tu wa sura hiyo, ule wenye tukio zito, na huo ndio uufungulie kamusi.

Kwa kila tukio zito jibu maswali manne kwenye daftari, mstari mmoja kwa kila jibu: ni saa ngapi, nani anaona, nani anajua, na nani amesimama juu ya nani. Yanaonekana maswali ya mtoto. Lakini Hawthorne alipanga matukio yake kama mtu anayepanga jukwaa la michezo, na majibu ya maswali hayo manne ndiyo ushahidi wako.

Jukwaa, mara tatu

Hapa usiwe na haraka. Mifupa ya riwaya ni matukio matatu kwenye jukwaa la adhabu sokoni: sura ya 2 na ya 3, sura ya 12, na sura ya 23. Mwanzo, katikati, mwisho.

Tukio la kwanza ni mchana kweupe, na hukumu ni asimame hadi saa saba. Jukwaani kuna mkatale wa kubana shingo, ambao kazi yake, msimulizi anasema kwa hasira, ni kumnyima mkosaji hata nafasi ya kuficha uso kwa aibu. Hester hafungwi humo. Lakini tazama anachofanya kabla hajafika, mlangoni pa gereza. Anamkumbatia mtoto wake wa miezi mitatu kwa nguvu, si kwa mapenzi ya mama bali ili aizibe herufi. Mara anatambua kwamba alama moja ya aibu haiwezi kuficha nyingine. Anamweka mtoto mkononi, uso umewaka kwa aibu na wakati huo huo ana tabasamu la kiburi, anawatazama watu wa mji. Nao wanaiona herufi: kitambaa chekundu kizuri, kimetariziwa kwa ufundi na nyuzi za dhahabu, kizuri kupita nguo ambazo sheria za koloni ziliruhusu.

Kaa na uso ule. Ameaibika, kwa sababu uso umewaka. Hakuaibika, kwa sababu anatabasamu. Vyote viwili viko usoni pamoja, na ukichagua kimoja ukaacha kingine utakuwa umeandika nusu. Wanawake waliosimama chini wanaiona dhahabu ile kama dharau. Mmoja alitaka apigwe chapa ya moto kwenye paji la uso, mwingine alitaka afe. Mdogo kuliko wote peke yake anasema kila mshono wa herufi ile umemchoma Hester moyoni. Mfuatilie mwanamke huyo. Katika sura ya 22, miaka saba baadaye, kundi lile lile linarudi sokoni, wote wapo isipokuwa yeye, na msimulizi anasema kwa nusu sentensi kwamba Hester ndiye aliyemshonea sanda.

Sasa jibu swali la nne. Dimmesdale yuko wapi? Juu. Amesimama kwenye roshani pamoja na gavana, anaagizwa amsihi Hester amtaje mwenzake. Anamwambia kwamba ni heri mtu huyo ashuke kutoka mahali pa juu asimame kando yake kuliko kuficha moyo wenye hatia maisha yote. Mji unasikia mahubiri. Hester anasikia mtu anayemwomba amfanyie kazi yake.

Tukio la pili ni usiku wa manane, miaka saba baadaye. Mahali ni pale pale, Dimmesdale amepanda jukwaani mwenyewe, mji umelala. Huu ni mzaha wa toba, kwani aibu bila macho si aibu. Anapiga ukelele na hakuna anayetoka kumshika. Hester na binti yake Pearl wanapita wakitoka kitandani pa gavana Winthrop aliyefariki, wanapanda, wanashikana mikono watatu. Pearl anauliza: utasimama hapa na mama na mimi kesho saa sita mchana? Anajibu hapana, si kesho, bali siku ile kuu ya hukumu. Ndipo kimondo kinamulika mbingu, naye anaona herufi A kubwa. Kesho yake mtunza kanisa anamrudishia glavu yake nyeusi iliyookotwa jukwaani, anasema Shetani ndiye aliyeiangusha pale, na kwamba watu waliiona A angani na wamefasiri kuwa ni ya angel, yaani malaika, kwa heshima ya Winthrop. Glavu ni ushahidi wa wazi kabisa, umewekwa mkononi mwa mji, na mji unaurudisha kwa heshima. Ukitaka kuonyesha namna sifa njema inavyoweza kuwa gereza, hutapata kitu bora kuliko glavu hiyo.

La tatu linajibu swali la Pearl. Jua limepita utosi kidogo. Dimmesdale ametoka kuhubiri mahubiri makuu ya maisha yake, anageuka njiani, anamwomba Hester amshike bega, anapanda. Chillingworth anajaribu kumzuia, kisha anasema neno ambalo lazima liwemo kwenye insha yako: duniani kote hapakuwa na mahali ambapo Dimmesdale angeweza kumponyoka, isipokuwa jukwaani hapo. Anakiri, anaufunua kifua, anakufa. Pearl anambusu, na analia kama watoto wa watu.

Herufi haina maana moja

Andika orodha ya nani anaisomaje, pamoja na sura. Mwanzoni ni alama ya uzinzi, ingawa neno lenyewe riwaya hailitamki. Sura ya 7, kwenye nyumba ya gavana, deraya (vazi la chuma la vita) iliyong'arishwa inaionyesha herufi kubwa hadi Hester anapotelea nyuma yake. Mji ndivyo unavyomwona. Sura ya 12 ni hatia ya Dimmesdale kwake yeye, na malaika kwa wengine. Sura ya 13, baada ya miaka ya kuuguza na kulisha maskini, watu wanasema A ni ya able, yaani uwezo wake. Sura ya 19 Pearl anakataa kuvuka kijito hadi mama aivae tena, maana kwa mtoto herufi ni mama.

Hapa kuna mtego. Sura ya 13 inawafanya wengi waandike kwamba adhabu ilimtakasa Hester. Endelea kurasa chache tu. Msimulizi anasema herufi haikutimiza kazi yake. Katika sura ya 18 anaongeza kwamba aibu, kukata tamaa na upweke vilikuwa walimu wake, vikamtia nguvu na vikamfundisha mengi yaliyopotoka. Msituni anamwambia Dimmesdale kwamba walichofanya kilikuwa na utakatifu wake. Huyo si mtu aliyetubu kwa sababu ya kitambaa. Mji umemsamehe kwa jambo ambalo yeye hajaomba msamaha.

Je, Hester hana hatia inayomsuta? Anayo, na iko mahali ambapo wasomaji wengi hawaangalii. Alikubali kumficha Chillingworth, akamwacha mpenzi wake akae miaka nyumba moja na adui bila kujua. Sura ya 17 ndipo anapokiri, kwa hiari yake, bila jukwaa wala mkatale, na ndipo anapoomba msamaha. Ungamo la kweli kabisa la Hester linatokea msituni, kwa mtu mmoja, kuhusu kosa ambalo sheria haikuwa na jina lake. Ningeijenga insha nzima juu ya sura hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Msimulizi anaposema "wengine walisema"

Hawthorne hupenda kutoa maelezo matatu au manne ya jambo moja kisha akanyamaza. Mfano mkubwa uko sura ya 24: kulikuwa na nini kifuani mwa Dimmesdale? Wengine walisema alijichora mwenyewe kama kitubio, wengine kwamba ni dawa za Chillingworth, wengine kwamba ni majuto yaliyotafuna kutoka ndani hadi nje, na wengine waliapa kwamba kifua kilikuwa kitupu. Usiandike "Dimmesdale alikuwa na herufi A kifuani." Andika ni nani wanaosema hivyo, kisha uliza kwa nini wale waliokana wamekana: ni waliotaka mchungaji wao abaki safi hata baada ya yeye mwenyewe kukiri.

Vivyo hivyo wosia wa msimulizi wa kuwa mkweli. Anausema kama mmoja kati ya mafunzo mengi, na anaongeza kwamba kama huwezi kuonyesha ubaya wako wote, onyesha angalau dalili. Wanaounukuu kama jawabu la kitabu huikata sehemu hiyo ya pili.

Kuandika

Kwa insha ya maneno 1,500 unahitaji hoja moja, matukio matatu, na nukuu kama 6 zisizozidi maneno 15 kila moja. Hoja iwe sentensi ambayo mtu mwenye akili anaweza kuipinga. "Riwaya inaonyesha madhara ya dhambi" haipingiki, kwa hiyo si hoja. Jaribu hii: "Aibu ya hadharani inamwachia Hester nafsi yake kwa sababu imeshamaliza kila kitu cha kufichua, hatia ya siri inamtafuna Dimmesdale kwa sababu kila heshima anayopewa inamsuta upya." Hapo kuna sababu mara mbili, na kila moja inadai ushahidi.

Aya moja ya ushahidi iwe hivi: tukio kwa sentensi mbili, kitu kimoja cha kushikika (glavu, uzi wa dhahabu, deraya), neno la msimulizi, kisha sentensi tatu au nne zako. Wengi hugeuza uwiano huo, wakasimulia nusu ukurasa na kuchambua mstari mmoja. Msomaji wako amekisoma kitabu.

Mpe Chillingworth aya yake. Yeye ndiye kipimo. Dimmesdale anasema sura ya 17 kwamba kisasi cha mzee yule ni kiovu kuliko dhambi yake mwenyewe Dimmesdale, kwa kuwa aliingilia moyo wa mtu kwa makusudi na damu baridi. Kumbuka anayesema ni mtuhumiwa, ana sababu ya kujipunguzia. Litaje neno lake, lakini libakishe kinywani mwake.

Makosa mawili ya tarehe hurudi kila mara. La kwanza ni kuandika kana kwamba Hawthorne aliishi na Hester. Kati yao kuna miaka mia mbili, na hukumu anayoitoa juu ya Wapuritani ni ya mtu wa karne ya 19 anayewatazama mababu. La pili ni kuingiza kesi za wachawi za Salem kama mandhari ya hadithi. Kesi hizo ni za 1692, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo cha Dimmesdale.

Rasimu ikiisha, chukua kalamu tatu za rangi. Zungushia kila "dhambi" rangi moja, kila "hatia" nyingine, kila "aibu" nyingine. Kisha pitia duara moja moja na ujaribu kubadilisha neno na mojawapo ya mengine mawili. Sentensi ikibaki na maana ile ile baada ya kubadilisha, ifute uiandike upya.